Mgunga Uliokosa Adui



Tukitaja mazingira ya mmea, haraka tunahesabu mwanga, maji, udongo na hewa. Wale wanaoula mmea huo tunawasahau. Jioni hii nadai kwamba kwa baadhi ya mimea mlaji ni sehemu ya mazingira sawa na mvua, na akiondolewa, mmea huweza kudhoofika badala ya kunawiri. Shahidi wangu ni mgunga wa Laikipia, ule unaopiga mluzi.

Huota kwenye udongo mweusi, ule unaonasa magari masika na kupasuka nyufa kiangazi. Shika tawi lake kwa uangalifu. Baadhi ya miiba yake imevimba sehemu ya chini ikawa mviringo, mitupu ndani, yenye vitundu vilivyotobolewa na sisimizi. Upepo ukipita kwenye vitundu hivyo ndipo mluzi unapotoka. Uvimbe huo si ugonjwa, mti huuota wenyewe. Kwenye vikonyo vya majani kuna tezi zinazotoa maji matamu ya kuwalisha sisimizi wanaolala ndani ya miiba hiyo. Tikisa tawi kidogo tu nao watakumiminikia. Tembo naye hung'atwa ndani ya mkonga. Watafiti Jacob Goheen na Todd Palmer walipowaondoa sisimizi hao, tembo waliula mgunga bila kusita.

Ulinzi huo una gharama, maana sukari hiyo ingeweza kuwa mbao, maua au mbegu. Mwaka 1995, huko Mpala, Laikipia, watafiti walizungushia vipande vya ardhi uzio wa umeme ili twiga na tembo wasiingie. Baada ya miaka 10 migunga ya ndani ilikuwa imepunguza tezi na miiba iliyovimba. Mtu angetarajia ikue upesi. Wapi! Sisimizi waliopunguziwa posho walipungua na kulegea, wakazidi kufuga wadudu wanaofyonza utomvu wa mti uleule. Miti mingi ikachukuliwa na sisimizi wa spishi nyingine, ambao hawaishi kwenye miiba bali kwenye matundu ya mbawakawa wanaotoboa shina, na sisimizi hao hawawafukuzi mbawakawa. Miti yao hukua polepole na hufa kwa wingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008, na kwangu mimi hilo ndilo jaribio la ikolojia lenye mafunzo kuliko yote yaliyofanyika Kenya. Wenzangu wa zuolojia wataniwia radhi.

Sasa geuza mambo: mlaji abaki, mlinzi aondoke. Laikipia imevamiwa na sisimizi wa kigeni wenye vichwa vikubwa, ambao huwaua wenyeji lakini mti hawaulindi. Utafiti wa Douglas Kamaru na wenzake katika hifadhi ya Ol Pejeta, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa palipovamiwa tembo huvunja migunga mara 5 hadi 7 zaidi. Uwanda unabaki wazi, na simba, ambaye huwinda kwa kunyatia, anakosa pa kujificha. Pundamilia humwona mapema. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa asilimia 67 ya mawindo ya simba wa huko. Kufikia 2020 walikuwa asilimia 42. Idadi ya simba hao haikushuka, kwa kuwa waligeukia nyati, mnyama anayeweza kumuua simba.