Pesa ya Korosho Ina Siku Zake
(Mada iliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano mkuu wa mwaka)

   

Nimeombwa niseme machache juu ya elimu inayoitwa uchumi wa tabia. Jina ni kubwa, lakini jambo lenyewe tunaishi nalo. Elimu hii inachunguza jinsi mtu anavyoamua mambo ya pesa akiwa na njaa, haraka, wageni na madeni, tofauti na anavyoamua kwenye vitabu vya hesabu. Daniel Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002 kwa kazi hiyo, na Richard Thaler akaipata mwaka 2017. Mimi nataka tuitumie kwa jambo letu wenyewe.

Tuitazame kalenda ya kwetu. Korosho zikishapita mnadani, pesa inaingia benki kupitia AMCOS, na hapo kila nyumba ina nafuu. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari imeondolewa, lakini sare, madaftari, godoro na nauli ya boti ya mtoto anayetoka Mbwera au Salale bado ni vya mzazi. Kuanzia Machi ni masika, na sote tunakumbuka maji ya Aprili 2024 yalivyofunika mashamba na nyumba, Rufiji na Kibiti. Katika miezi hiyo ndipo anapokuja mtu na noti mkononi, anataka korosho za msimu ujao ambazo hazijatoa hata ua. Mzazi anauza kwa kangomba. Msimu ukifika, mali iko shambani kwake lakini si yake tena.

Wapo wanaosema mkulima wa kwetu hana akili ya pesa. Utafiti hauungi mkono maneno hayo. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha matokeo ya kuwapima wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Waliwapa maswali ya kupima akili kabla ya mavuno, wakiwa wamebanwa, kisha wakawapa tena baada ya mavuno. Watu walikuwa wale wale, lakini kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Dhiki inajaza kichwa. Anayewaza watoto watakula nini usiku hana nafasi ya kupiga hesabu ya Novemba. Kwa hiyo uamuzi wa masika usingoje masika. Ufanywe siku pesa inapoingia, kichwa kikiwa kimetulia.

Jambo hili limejaribiwa kwa jirani zetu wa Busia, magharibi mwa Kenya. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson waliwauliza wakulima wa mahindi kama wangetumia mbolea msimu unaofuata. Karibu wote walisema ndiyo. Walioitumia kweli hawakufika nusu. Walikuwa na nia, lakini wakati wa kupanda ulipofika pesa ya mavuno ilikuwa imeshakwenda. Basi ukaanzishwa mpango ulioitwa SAFI. Mkulima alifuatwa nyumbani mara tu baada ya kuvuna, akauziwa mbolea kwa bei ya kawaida, na akaletewa bila nauli. Hakupunguziwa hata senti ya mbolea yenyewe, lakini matumizi ya mbolea yaliongezeka sana, kwa kiasi kisichopungua kile kilichopatikana kwa kuuza mbolea nusu bei wakati wa kupanda. Kilichobadilika ni siku ya kuamua, na safari moja ya dukani iliyoondolewa.

Huko huko magharibi mwa Kenya, Pascaline Dupas na Robinson waligawa visanduku vya chuma vyenye kufuli kwa wanachama wa vikundi vya upatu, vya kuwekea akiba ya afya. Wengine walipewa na ufunguo, wengine ufunguo ukakaa kwa msimamizi. Mngedhani kilichofungwa kabisa ndicho kingesaidia zaidi. Sivyo. Kisanduku ambacho mtu alishika ufunguo wake mwenyewe kilisaidia watu kununua vitu vya afya, kwa sababu pesa ilikuwa na jina. Ndugu akija kukopa, mtu anajibu, "Ile ni ya matibabu." Kile ambacho ufunguo ulikuwa kwa mwingine kiliwatisha watu, maana maradhi yakija usiku pesa haitoki. Wana-kibubu na wana-VICOBA mtanielewa: akiba inataka jina, na inataka mlango wa dharura.

Tufanye nini basi?

Kwanza, siku malipo ya korosho yanapoingia, baba na mama wakae pamoja kabla ya kwenda dukani. Pesa igawanywe mafungu na kila fungu lipewe jina: shule ya Januari, chakula cha masika, maandalizi ya shamba. Fungu la shule linunue sare na madaftari wiki ile ile. Sare iliyokwisha kushonwa haikopeki.

Pili, vikundi vyetu viwe na mfuko wa masika, mbali na mkopo wa biashara. Mwanachama mwenye shida mwezi wa nne akope kilo za unga na mchele kwa wenzake, asilazimike kuuza korosho zilizo mtini.

Tatu, ndugu zetu wavuvi wa delta, ninyi pesa yenu haiji kwa msimu mmoja. Inakuja na bamvua na kupungua na maji mafu. Fungu lenu liwe dogo na litoke kila bamvua, pale pale kamba wanapouzwa, kabla pesa haijafika nyumbani.

Nne, na hili linatuhusu sisi tulioko Dar es Salaam na kwingineko. Kila mwaka tunasimama ukumbini tunatoa ahadi, watu wanapiga makofi, kisha mweka hazina anapiga simu hadi Ramadhani. Sisemi watu ni waongo. Nia ilikuwepo, kama ya wale wakulima wa Busia. Thaler na mwenzake Shlomo Benartzi walilipatia dawa jambo hili kwa wafanyakazi wa kampuni moja Marekani. Hawakuwaomba waweke akiba leo. Waliwaomba wakubali leo kwamba nyongeza ya mshahara ikija, sehemu yake ikatwe moja kwa moja, na anayetaka kujitoa ajitoe wakati wowote. Katika miezi 40, akiba ya waliokubali ilipanda kutoka asilimia 3.5 ya mshahara hadi asilimia 13.6.

Ndiyo maana fomu ya mwaka huu iliyo nyuma ya kijitabu hiki haina nafasi ya kuandika kiasi tu. Ina nafasi ya kuandika mwezi. Mkulima wa Bungu aweke mwezi wa malipo ya korosho, au wa ufuta. Mwenye mshahara aweke mwezi ujao na aiagize benki yake imkate. Mwenye duka achague siku yake. Mtu ataje kiasi anachokiweza, hata kama ni kidogo, na akishindwa aseme, tutabadilisha bila lawama.

Mfuko huu ni wa mabweni. Mtoto wa delta anayepanga chumba mtaani ili awe karibu na shule, akijipikia na kujilinda mwenyewe, hawezi kungoja ahadi ya mwakani. Januari haisogezwi mbele. Kalamu zipo mezani, na mweka hazina amekaa pale mlangoni. Tujaze sasa, kabla chakula hakijaletwa.