Vijiji vya Pwani ya Mani, na Hoja Iliyo Mbele Yetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Tumeombwa na Halmashauri tuwaeleze habari za safari yetu ya Ugiriki, nasi twajua kwa nini tumeombwa. Iko hoja mezani, kwamba akiba ya chama itumike kununua kiwanja ufukoni katika kijiji kimoja cha wavuvi, ijengwe nyumba ya kupumzikia wanachama wakati wa likizo, au livu kama wazee wetu walivyozoea kuiita maofisini. Waliotoa hoja hiyo wamesema kwamba huko Ulaya vijiji vitulivu vya pwani vimetajirika kwa ajili ya wageni. Sisi wawili tumekwenda tukaviona vijiji vya namna hiyo. Basi tutasema tuliyoyaona, wala hatutatia chumvi.

Mwenzetu wa safari, ambaye kabla ya kustaafu alikuwa mwandishi wa hesabu, ana kijana wake fundi wa mitambo melini, na meli ile ilipelekwa Piraeus, bandari ya Athens, kutengenezwa. Kijana akampelekea babaye habari kwamba aje amwone. Baba mtu akakataa kusafiri peke yake, ndipo tukafuatana. Yeye ndiye aliyeshika daftari la matumizi, na kila kikombe cha kahawa kimo, hata kile tulichopewa bure, ambacho amekiandika kwa sifuri.

Kijana alikuwa na siku chache tu za ruhusa, na alipokwisha rudi kazini tulikuwa na siku kumi mikononi mwetu. Tukapanda basi toka Athens hata Kalamata, mwendo wa kilometa 240 hivi, na toka hapo tukaingia Mani. Mani ni rasi ya katikati katika zile rasi tatu zinazotokeza kusini mwa nchi ya Peloponnese, kama vidole vitatu vilivyochovywa majini. Mgongo wake ni mlima Taygetos, ambao kilele chake chapita mita 2,400, nao washuka ukipungua hata uishie baharini. Msidhani kwamba tulikuta minazi na mchanga mweupe. Nchi ni mawe, na penye udongo kidogo pamepandwa mizeituni, na kati ya mizeituni ipo mitini na mipungate. Mito hakuna ya kutajika, na zamani kila nyumba ilikuwa na kisima chake cha kuchanga maji ya mvua. Ilikuwa mwezi wa Septemba: bahari ilikuwa na joto, na makundi ya wageni wa mwezi wa Agosti yalikuwa yamekwisha ondoka.

Kijiji cha kwanza tulicholala ni Kardamyli. Pwani yake ni ya kokoto nyeupe, hata mtu asiyezoea huenda kama anayekanyaga makaa; mwenzetu aliingia majini na viatu. Jina la kijiji hiki ni la kale mno, maana Homer alilitaja katika hadithi ya vita vya Troy, kuwa ni mmoja wa miji saba ambayo mfalme Agamemnon aliahidi kumpa Achilles ili amtulize hasira. Katika zama zetu alikaa hapo mwandishi Mwingereza, Patrick Leigh Fermor, aliyetoa kitabu juu ya Mani mwaka 1958, kisha akajenga nyumba yake karibu na kijiji. Alifariki mwaka 2011, na nyumba aliiachia Makumbusho ya Benaki ya Athens. Sisi tulipanga chumba juu ya duka, kwa mama mmoja mtu mzima aliyetuletea tini kila asubuhi katika sahani iliyofunikwa kitambaa. Mama huyo ndiye mwenye nyumba, ndiye mpishi, na binti yake ndiye mtunza daftari la wageni. Jambo hilo tuliliandika, na mtaona baadaye kwa nini.

Toka hapo tukaenda Stoupa. Hapo mchanga upo, na kwa hiyo mahoteli yapo, na miavuli imepangwa safu safu. Lakini kando yake iko ghuba ndogo iitwayo Kalogria, na katika maji yake mna ajabu moja: mtu anaogelea katika maji ya vuguvugu, mara hupigwa na baridi kama ya barafu miguuni. Ni chemchemi za maji matamu yashukayo mlimani chini ya ardhi na kutokea ndani ya bahari. Mwandishi Nikos Kazantzakis alikaa hapo mwaka 1917, akichimba makaa ya mawe ya namna duni pamoja na mtu aitwaye George Zorbas. Mgodi haukuwaletea faida, lakini mtu yule hakusahauliwa, na mwaka 1946 kitabu cha Zorba kilitoka, kikapata sifa duniani. Hadithi yenyewe mwandishi aliihamishia kisiwa cha Crete, na watu wa Stoupa hawajapendezwa sana na jambo hilo.

Kijiji cha wavuvi cha Agios Nikolaos kiko mbele kidogo, nacho ndicho kilichotupendeza kupita vyote. Ni bandari ndogo, mashua chache, na meza za chakula ukingoni mwa maji. Asubuhi tulimwona mvuvi akimpiga pweza juu ya jiwe, akimwinua na kumbwaga mara nyingi ili nyama ilainike, kama wafanyavyo watu wa pwani yetu. Mwenzetu, ambaye ni mzaliwa wa pwani, hakuweza kujizuia. Akamwonyesha kwa mikono jinsi kwao wanavyomtwanga kwa mti. Yule mvuvi akacheka, akamkabidhi pweza. Hawakuwa na lugha moja ya kusemezana, lakini walishinda pamoja hata saa tano. Jioni pweza yule aliliwa, na katika daftari limeandikwa sifuri.

Tulipopita kuelekea kusini nchi ikabadilika, ikawa kavu zaidi, na vijiji vikawa vya minara. Hapa yatupasa kukawia kidogo, maana historia ya watu hawa yatuhusu sisi watumishi wa Serikali. Kila ukoo wenye nguvu ulijenga mnara wa mawe, mrefu kuliko wa jirani, kwa ajili ya kupigana visasi. Waturuki waliotawala Ugiriki walishindwa kuwatiisha, na tangu mwaka 1776 wakawaachia wawe chini ya mkubwa wao wenyewe, aitwaye bey. Wa mwisho alikuwa Petros Mavromichalis, na mnara wa ukoo wake ungaliko Limeni, kwenye ghuba yenye maji safi kama kioo. Mwezi wa Machi 1821 watu wa Mani waliinua silaha katika mji uitwao leo Areopoli, na siku chache baadaye Kalamata ikaanguka mikononi mwa Wagiriki. Lakini walipopata Serikali yao wenyewe, shida ikaanza upya. Mtawala Kapodistrias alitaka ushuru ukusanywe na makao makuu, akamfunga Petros gerezani. Mwezi wa Oktoba 1831 ndugu yake Petros na mwanawe wakamwua mtawala huyo mlangoni pa kanisa mjini Nafplio. Mwaka 1834 Serikali ya mfalme Otto ikapeleka askari Wajerumani wa Bavaria kuibomoa minara. Askari wakatekwa, wakavuliwa nguo zao, na Serikali ikalazimika kuwakomboa kwa fedha. Sisi tuliowahi kutumwa vijijini na barua ya makao makuu mkononi, twaweza kuwahurumia kidogo.

Hata hivyo watu wa Mani ambao hakuna mfalme aliyewatoa, wameondoka wenyewe. Ardhi haikuwatosha. Walikwenda Athens na Piraeus, Marekani na Australia. Tulifika Gerolimenas, bandari ndogo iliyo chini ya jabali kubwa, ambapo zamani kabla ya barabara meli za moshi zilikuja toka Piraeus. Jioni palikuwa kimya hata tulisikia kokoto zikiburutwa na wimbi. Nasi tulikuwa tukisifu ukimya huo, tukisema hapa ndipo mtu anapoweza kupumzika. Asubuhi yake tukapanda kwa miguu njia ya nyuma, tukafika kwenye nyumba kumi au kumi na mbili za mawe. Tukamkuta bibi mmoja aliyevaa nguo nyeusi, anatwanga chumvi. Alikuwa na mjukuu aliyekuja kumtazama toka Athens, ambaye alijua Kiingereza, na kwa kinywa chake tukazungumza. Bibi alikuwa na kishada cha funguo kiunoni. Tukauliza ni za nini. Akasema ni za nyumba za jirani. Hii ya shemeji yake aliye Melbourne, hii ya watu wa Chicago, hii ya mwalimu aliyekufa. Kila Jumamosi huzifungua madirisha yapate hewa. Wenyewe huja Pasaka au tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria, na wengine hawaji tena. Kisha akauliza: “Na ninyi kwenu, funguo zimeachwa na nani?”

Mwenzetu hakujibu. Tulikuwa tumekwisha shuka hata barabarani ndipo akasema kwamba ufunguo wa nyumba ya marehemu baba yake anao yeye mwenyewe, katika mtoto wa meza nyumbani kwake mjini, na kwamba ni miaka saba mlango haujafunguliwa.

Siku ile ile tulifika Vathia, kijiji cha minara juu ya kilima, ambacho picha yake huonekana katika kila kitabu cha wasafiri. Yatupasa kueleza jambo moja la hapo kwa uangalifu, maana lagusa hoja yetu. Tangu mwaka 1975 Idara ya Utalii ya Serikali ya Ugiriki ilianza mpango wa kutengeneza nyumba za kale katika vijiji kadhaa, ziwe nyumba za wageni, na Vathia ilikuwamo. Minara ikatengenezwa vizuri, vitanda vikawekwa. Baadaye nyumba zile za wageni zikafungwa. Sisi tulipita kati ya milango iliyopigwa kufuli na mingine iliyolegea, na ndani tukaona mavumbi na kinyesi cha njiwa. Hatukuona mtu ila wapigaji picha, nao walikuwa na haraka.

Rasi yenyewe huishia Tainaro, ambapo watu wa kale walidhani pana pango la kushukia kuzimu. Tulikwenda kwa miguu hata kwenye mnara wa taa wa mwaka 1882. Mbele ya hapo hapana kitu ila maji hata Afrika. Karibu na hapo ipo bandari ya Porto Kagio, ambayo jina lake latokana na tomboro, ndege wadogo wanaotua Mani kwa makundi kabla ya kuvuka bahari kuja kwetu. Zamani watu waliwanasa kwa nyavu na kuwatia chumvi. Mwenzetu aliandika hilo pia, ingawa halina gharama. Upande wa mashariki tulipita upesi, tukiiona meli iliyokwama mchangani karibu na Gytheio tangu mwaka 1981, na fukwe za ghuba ya Laconia ambapo kasa hutaga. Na mtu akijenga ufukoni kama huo yampasa kuficha taa zake, kwa kuwa watoto wa kasa huifuata nuru wakaiacha bahari.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twarudi kwenye hoja. Ni kweli kwamba wako watu wa pwani ile waliopata riziki kwa wageni. Lakini pale tulipoona riziki hiyo imetulia, kama Kardamyli na Agios Nikolaos, chumba ni cha mwanakijiji, samaki ni wa mwanakijiji, na mlango hufunguliwa na mtu anayelala humo mwezi wa Januari. Tulipoona nyumba nzuri zimekufa, zilikuwa zimetengenezwa kwa amri ya ofisi iliyo mbali, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzungusha ufunguo. Na ule ukimya tuliousifu, nusu yake ulikuwa ni watu waliokosa riziki wakaondoka. Hatukupenda kulijua hilo tukiwa likizoni, lakini tumelijua.

Kwa hiyo sisi wawili hatuungi mkono ununuzi wa kiwanja kwa sasa. Wale wanaotaka kukiuza ni vijana wa kijiji wanaohitaji nauli ya kwenda mjini, na kila mmoja hapa aliondoka kwao kwa nauli ya namna hiyo; hatutaki chama chetu kiwe ndicho kinachoilipa kwa kuchukua ufuko. Badala yake mwenzetu ametutuma tuseme kwamba nyumba ya marehemu baba yake, yenye vyumba vinne na kisima, iko wazi kwa chama kwa mwaka mmoja wa majaribio bila kodi. Shangazi yake ambaye angali anaishi kijijini atakabidhiwa ufunguo, na fedha za malazi na chakula zitalipwa kwake, siyo kwa mweka hazina wetu. Paa la upande wa bahari lavuja, na maboriti mawili yameliwa na mchwa. Hesabu ya matengenezo ameiandika kwa mkono wake, nasi tumeiweka mbele ya Bwana Katibu ili isomwe.

Tuko tayari kuulizwa maswali.