Godoro la Mtoto Mwenye Pumu

Mazungumzo yaliyotolewa kwa wazazi na wakazi katika kikao cha afya ya jamii



Mtoto akikohoa na kubanwa kifua usiku, ilhali mchana kutwa anacheza, wazazi wengi hulilaumu godoro. Baba huenda dukani, akaambiwa lipo godoro lisiloingia wadudu wa vumbi, akalipa bei maradufu. Kabla pesa hiyo haijatoka, ni vyema kumjua mdudu mwenyewe.

Utitiri wa vumbi haonekani kwa macho. Urefu wake ni kama robo ya milimita. Hang'ati kama kunguni. Hula magamba ya ngozi yanayotoka mwilini, na kinachochochea mzio hasa ni kinyesi chake, ambacho hupeperuka mtu anapojigeuza kitandani. Joto na unyevu wa Pwani humfaa sana.

Kwa hiyo liwe la sponji, la springi, la makumbi au la sufi, godoro lisilofunikwa litapata utitiri baada ya muda. Sponji ngumu ina nafuu moja: ni nyepesi kuibeba hadi juani, na jua hukausha unyevu ingawa haliondoi kinyesi kilichokwisha kuingia. La sufi linapofumuliwa na kuchambuliwa, mgonjwa akae mbali. Godoro lililotumiwa na watu wengine liachwe, hata likiwa la bei ya kutupa.

Pesa iliyookolewa inunue mfuko wa godoro wenye zipu, wa kitambaa kilichofumwa kwa kubana, unaofunika juu, chini na pembeni kote. Mto nao upate wake. Kifuniko cha upande wa juu pekee hakitoshi. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2017, uliohusu watoto 284 wenye pumu na mzio wa utitiri, ulionyesha kuwa waliolalia mifuko ya aina hiyo walipungua miongoni mwa waliokimbizwa hospitali kwa shambulio la pumu. Nailoni ya dukani huzuia utitiri pia, lakini huleta jasho na huchanika, na kipande kilicholegea chaweza kumziba pumzi mtoto mchanga.

Shuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya nyuzi 60, yaani moto usiovumilika kwa mkono. Chandarua chenye dawa kisitiwe humo: hicho ni maji baridi, sabuni ya kawaida na kukaushwa kivulini.

Si kila kikohozi cha usiku ni mzio. Kikifika wiki mbili, mtoto akapimwe. Aliyepewa inhela aendelee nayo hata baada ya godoro kufunikwa. Na akibanwa hadi anashindwa kumaliza sentensi, au mbavu zinadidimia anapovuta pumzi, apelekwe hospitali usiku huohuo.