Kabla ya Kulipia Kozi ya CNA

Msikilizaji uliyeko Marekani, unataka kusomea CNA, kazi ya kumsaidia muuguzi kuhudumia wagonjwa na wazee? Usitoe hata dola moja kabla ya kuuliza: kozi hii imeidhinishwa na jimbo?

Kila jimbo lina orodha ya kozi linazozikubali. Pigia simu ofisi ya jimbo inayosimamia daftari la wasaidizi wa wauguzi. Taja jina la shule. Kama haimo kwenye orodha, achana nayo, hata kama mwenye shule mnasali naye.

Sheria ya nchi inataka mafunzo ya saa zisizopungua 75. Majimbo mengine yanataka zaidi. Na lazima kuwe na vitendo: kumgeuza mgonjwa kitandani, kumwogesha, kumlisha. Anayekuahidi cheti kwa simu tu anakuuzia karatasi. Kwa karatasi hiyo, mtihani wa CNA wa jimbo hutaruhusiwa kuufanya.

Tena, nyumba ya wazee inayopokea malipo ya bima za afya za serikali, Medicare au Medicaid, ikikuajiri kabla hujaanza kozi, hairuhusiwi kukutoza ada. Wengi hawalijui hili, wanalipa.

Uliza jimbo kwanza, msikilizaji, ndipo ulipe.