Utunzaji wa Injini Katika Njia za Vumbi



Mwenye gari katika Kitui na Makueni ajue kwamba vumbi ni adui wa injini. Likiingia katika mafuta, hula kemshafti, yaani mhimili wenye kuendesha valvu, pamoja na tapeti zinazoziinua. Hapo injini hugonga, na nguvu ya kupanda kilima hupungua.

Katika injini za tapeti bapa, fundi asitie tapeti kuukuu juu ya kemshafti mpya, wala mpya juu ya iliyolika. Kikuukuu kitakiharibu kipya. Tapeti nzima zikitolewa, kila moja irudishwe katika tundu lake lile lile, nazo zipakwe mafuta kwanza. Kubana fedha leo huenda kukamwacha msafiri na mgonjwa wake njiani, kati ya Kibwezi na Mutomo, usiku.