Mcheza Kwao Hutunzwa: Michezo ya Jadi na Utamaduni wa Taifa



Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Usemi huo husikika mara nyingi panapozungumzwa lugha, ngoma na mavazi; ni nadra kusikika panapozungumzwa michezo. Yaelekea wengi wamezoea kuamini kwamba michezo ni jambo la kupumzisha mwili tu, na kwamba utamaduni unakaa mahali pengine. Imani hiyo si sahihi. Namna watu wanavyocheza huonyesha namna wanavyofikiri, wanavyoshindana, wanavyopatana na wanavyolea watoto wao.

Taifa hili lililitambua jambo hilo mapema. Katika hotuba yake ya kuzaliwa kwa Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria Namba 12 iliyounda Baraza la Michezo la Taifa. Shabaha ya hatua hizo ilikuwa kubwa kuliko kupata timu za kushinda vikombe. Zilikusudiwa pia kumwondolea mwananchi kasumba ya kudharau vilivyo vyake, ambayo ukoloni ulikuwa umeipandikiza kwa miaka mingi shuleni na maofisini.

Hapana budi kusema wazi kwamba hoja hii haiupingi mpira wa miguu. Mpira ulikuja na wageni, lakini wananchi waliuchukua na kuufanya wao. Yanga iliundwa mwaka 1935, na klabu ambayo leo inaitwa Simba ikaundwa mwaka 1936, zote katika mitaa ya Waafrika ya Dar es Salaam, wakati ambapo mkusanyiko wa Waafrika katika chama cho chote ulikuwa shule ya umoja. Aidha, hakuna mzalendo asiyeona fahari akikumbuka tarehe 2 Februari 1974, siku Filbert Bayi alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand. Basi ubaya hauko katika kupenda michezo iliyotoka nje. Ubaya uko katika kudhani kwamba hiyo ndiyo michezo pekee, na kwamba mingine yote ni upuuzi wa vijiweni.

Chukueni mfano wa bao. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne, nane kila safu, na huchezwa kwa kete 64, ambazo kwa desturi ni komwe. Kila mchezaji ana kete 32. Anapoanza, kumi zimekwisha pangwa ubaoni, na 22 zimebaki mkononi kwa ajili ya kunamua, moja kwa kila zamu. Zikiisha za mkononi, mchezo huingia katika mtaji, na hapo ndipo mjuzi hutambulikana na mwanafunzi. Mchezaji hodari huhesabu kichwani kete zitakapoishia baada ya kuzunguka mashimo mengi, kisha hukisia jibu la mwenzake, na jibu la jibu hilo. Haandiki wala hagusi kete kabla ya kuamua. Mwaka 1995 mtafiti Alexander de Voogt alitoa tasnifu nzima huko Leiden, Uholanzi, kuhusu uwezo wa akili wa mafundi wa bao wa Zanzibar. Ni jambo la kutafakari kwamba mgeni alisafiri kutoka Ulaya kuja kukaa miguuni pa wazee wa barazani na kujifunza, huku kijana wa jirani akionywa asikae nao kwa kuwa atapoteza wakati. Mwalimu Nyerere mwenyewe alifahamika kuwa mpenzi wa bao, na hakuna aliyethubutu kumwita mvivu.

Lakini bao si peke yake. Huko Pemba umo mchezo wa ng'ombe, ambao watu wengi huuhusisha na zama za Wareno. Ng'ombe hufungwa kamba, wachezaji humchokoza kwa nguo na kumkwepa, ngoma na zumari zikilia. Lakini mnyama hauawi. Huko Makunduchi, kusini mwa Unguja, kila mwaka mwezi Julai hufanyika Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa migomba mbele ya watu wote, na kusudi la mapigano hayo ni kutoa vinyongo vya mwaka uliopita ili mwaka mpya uanze na mioyo safi. Katika Usukuma, baada ya mavuno, vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi zaidi upande wake. Katika miji ya mwambao kuna kirumbizi, mchezo wa fimbo uchezwao kwa mdundo wa ngoma, na kuna mashindano ya ngalawa ambamo nahodha hupimwa kwa kuujua upepo na mkondo wa maji.

Mtu akiitazama michezo hiyo kwa makini ataona kwamba kila mmoja una kazi yake katika jamii. Mmoja hufundisha hesabu na subira, mwingine ujasiri. Mmoja huondoa uhasama, mwingine hupima ufundi wa riziki. Haikutungwa kwa ajili ya kuuza tikiti. Ilitungwa ili jamii iweze kuishi pamoja. Ndiyo maana wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani: walikwisha jua kwamba uwanja wa mchezo ni mahali pa kujifunzia adabu ya kushindwa kabla maisha hayajaifundisha kwa ukali zaidi.

Hata hivyo, si haki kuisifu jadi bila kuikosoa. Bao kwa muda mrefu limekuwa mchezo wa wanaume, ilhali hakuna sababu yo yote ya akili inayomzuia msichana kulicheza. Mashindano mengine yameandamana na ushirikina. Mengine yanaweza kumtesa mnyama yasiposimamiwa. Wala mtumishi wa umma anayecheza bao saa za kazi, wananchi wakimngoja kwenye foleni, hawezi kujitetea kwa jina la utamaduni. Jadi iliyo hai hurekebishwa na wenyewe. Majirani wa Kenya wametoa mfano mzuri: tangu mwaka 2012, vijana wa Kimasai wa eneo la Amboseli wamekuwa na mashindano ya kukimbia, kuruka na kurusha mkuki na rungu, yaliyoanzishwa ili ushujaa wa moran upimwe uwanjani badala ya kupimwa kwa kuua simba. Mila haikutupwa, ilipewa njia mpya.

Hatari kubwa ya leo ni usahaulifu, nao hauna kelele. Mchezo usio na kitabu cha kanuni huishi katika vichwa vya wazee, na mzee akifa hufa na kanuni zake. Watoto wa miji mingi sasa hawajui mdako, rede, nage wala kombolela, michezo ambayo haikuhitaji fedha zaidi ya vijiwe, mpira wa matambara na uwanja wa mchanga. Mahali pengine viwanja vyenyewe vimekwisha jengwa. Hatari ya pili ni kuigeuza michezo hii kuwa pambo la kuonyesha wageni kwa dakika kumi na tano, kisha ikafungiwa stoo hadi sherehe nyingine. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi wa utamaduni usioshikika. Ahadi hiyo haitimizwi kwa makaratasi, bali kwa watoto wanaocheza.

Kazi ya kufanya haihitaji fedha nyingi. Mwalimu wa hesabu aweza kuwa na mbao mbili za bao darasani, zilizochongwa na mafundi wa kijijini, akazitumia kufundishia kuhesabu kwa kichwa. Mwalimu wa Kiswahili aweza kuwatuma wanafunzi kwa babu na bibi zao wakaandike kanuni za mchezo mmoja mmoja, pamoja na maneno yake, kwani maneno kama kunamua na mtaji ni sehemu ya hazina ya lugha. Ofisa utamaduni wa wilaya aweza kuyakusanya madaftari hayo yakahifadhiwa. Watumishi wa umma nao wana mahali pa kuanzia: mashindano yao ya SHIMIWI yamekwisha toa nafasi kwa bao na kuvuta kamba kando ya mpira wa miguu na netiboli. Nafasi hiyo isiachiwe wale tu walioshindwa kupata namba katika timu ya mpira.

Mwaka 2023 Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa uenyeji wa fainali za mpira za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Hilo ni jambo la heshima, na viwanja vikubwa vinastahili kujengwa. Lakini Taifa linalojenga uwanja wa maelfu ya watu likashindwa kuweka ubao mmoja wa bao katika shule litakuwa limejenga nyumba ya wageni na kusahau chumba cha watoto.

Mcheza kwao hutunzwa. Atakayemtunza mchezaji huyo kwanza ni mwalimu aliye darasani na mtumishi aliye ofisini. Wakichelewa wao, hapatakuwa na wa kutunzwa.