Kulichungulia bomba bila kulikata

Wengi mnaijua gesi ya Ghuba ya Mnazi, Mtwara: husafishwa Madimba, na tangu 2015 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Bomba kama hilo huchunguzwaje bila kukatwa? Kawaida mafundi hupiga picha maungio yaliyochomelewa kwa eksirei au miale ya iridiamu-192. Ufa wa chuma huonekana. Lakini maji yaliyojificha ni shida kuyaona. Nyutroni zina tabia nyingine: hupenya chuma, lakini haidrojeni iliyomo kwenye maji huzitawanya. Kwa hiyo hufichua unyevu uliojibana chini ya kifuniko cha kuzuia joto, palepale kutu inapoanzia.

Taasisi ya RIKEN nchini Japani ina mtambo mdogo wa kuzalisha nyutroni, RANS. Protoni huongezwa kasi, hugonga beriliamu, nyutroni huchomoka. Ukizima umeme, zinakoma. Iridiamu haizimwi, na kipande kikipotea mtaani ni hatari kubwa. Watafiti wa RIKEN wanasaka pia chumvi ndani ya zege la madaraja, na pwani yetu imejaa upepo wa chumvi. Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania na vyuo vyetu wawapeleke vijana wa Mtwara wakajifunze teknolojia hii wakati gesi ingali inatoka.